Kurudi kwenye mashine ya CNC na kukuta kidhibiti usichokizoea

Fundi aliyewahi kuendesha mashine ya CNC (inayokata chuma kwa kufuata programu ya kompyuta), akaiacha kwa miaka kadhaa, kisha akarudi na kukuta kidhibiti, yaani kompyuta inayoiongoza, cha aina nyingine, anabeba hatari ambayo mwanafunzi wa siku ya kwanza hana. Mwanafunzi hajui kitu, kwa hiyo huuliza na huenda polepole. Fundi anayerudi anajua, ila anachokijua ni cha mashine nyingine, na vidole vyake huandika msimbo kabla kichwa hakijauhoji. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na vitufe vya mashine mpya, bali unaanza na mazoea ya mashine ya zamani.

Nitatumia mfano ninaoujua kwa mikono yangu. Nilijifunza kazi kwenye mashine ya milingi, ya kuchonga chuma kwa zana inayozungushwa na spindeli, yenye spindeli ya wima na kidhibiti cha Fanuc, nikakaa nje ya kazi hiyo miaka minane, kisha nikaajiriwa katika karakana moja hapa Dar es Salaam ambako mashine iliyonisubiri ilikuwa na kidhibiti cha Sinumerik 828D cha Siemens. Anayehamia Heidenhain, Mitsubishi au Haas atakuta tofauti za namna nyingine, lakini utaratibu wa kuzitafuta ni huuhuu.

Hatua ya kwanza: andika mazoea yako kabla ya kuwasha mashine

Chukua karatasi, uandike programu fupi ya kutoboa matundu manne na kupitisha endimili (zana ya kuchongea) kwenye ukingo mmoja, kama ulivyokuwa ukiiandika zamani, bila kufungua kitabu chochote. Usisahihishe. Programu hiyo ndiyo picha halisi ya kilichobaki kichwani. Kisha chukua kitabu cha programu cha kidhibiti kipya upitie msimbo mmoja baada ya mwingine, ukiugawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la misimbo yenye maana ileile pande zote mbili. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6983, ambacho Wajerumani wanacho kama DIN 66025, kimeweka msingi ambao watengenezaji wengi wameufuata: G0, G1, G2, G3, G17, G40 hadi G42, G54, G90, G91, M3, M5, M8, M30. Hapa huna la kuhangaikia.

Fungu la pili ni la misimbo ambayo kidhibiti kipya hakiifahamu kabisa. Kwa anayetoka Fanuc kwenda lugha ya asili ya Sinumerik, humo zimo G43 ya kuita urefu wa zana, G28 ya kurudi kwenye sifuri ya mashine, G81 na ndugu zake za kutoboa, pamoja na herufi R ya nusu kipenyo cha tao, kwa maana Siemens huandika CR= na R kwao ni jina la kigezo cha hesabu kama R1=10. Hata maelezo yanayowekwa ndani ya mabano kwenye Fanuc huandikwa baada ya nukta mkato kwenye Sinumerik. Fungu hili linaudhi lakini haliumizi, kwa sababu mashine itatoa alamu na kukataa kusogea.

Fungu la tatu ndilo la kuandikwa kwa kalamu nyekundu: msimbo unaokubaliwa na vidhibiti vyote viwili, lakini kila kimoja kinauelewa kwa namna yake. Kwenye milingi ya Fanuc, G74 ni kukata hesi za kushoto. Kwenye Sinumerik, G74 ni kuupeleka mhimili kwenye alama yake ya rejea. Aliyezoea mashine ya kukereza ya Fanuc anaijua G71 kuwa mzunguko wa kuondoa chuma kingi na G70 kuwa wa kumalizia, ilhali kwa Siemens G71 ni kupima kwa milimita na G70 ni kupima kwa inchi. Kuna pia nukta ya desimali. Kwenye Fanuc nyingi, kulingana na kigezo kilivyowekwa, Z50 bila nukta si milimita 50 bali ni maikroni 50, yaani milimita 0.05. Kwenye Sinumerik, Z50 ni milimita 50. Anayetoka Fanuc kwenda Siemens hapotezi kitu kwa kuendelea kuandika nukta. Anayekwenda upande wa pili yuko hatarini kweli: anaandika Z50 ili zana ipande juu ya vibano, nayo inapanda milimita 0.05 tu juu ya kazi, kisha mstari unaofuata unaipeleka kwa mwendo wa kasi moja kwa moja kwenye kibano.

Karatasi hiyo ibandike kwenye mlango wa mashine. Utaitazama mara nyingi kuliko kitabu.

Hatua ya pili: siku nzima bila zana na bila kazi

Kabla ya kuwasha, kagua mafuta ya reli, presha ya hewa na maji ya kupozea, na uulize mashine ilizimwa lini mara ya mwisho. Mashine nyingi zinazofika kwetu zimetumika kwingine, na si ajabu kukuta skrini iko katika Kijerumani. Kwenye 828D lugha hubadilishwa katika menyu ya mipangilio ya kuanzishia mashine, ila angalia kwanza zipi zimewekwa. Usiguse data za mashine zinazolindwa kwa nywila hata kama nywila imeandikwa ubavuni mwa kabati.

Bonyeza kitufe cha dharura uhakikishe kinafanya kazi, kisha ukiachie. Ikiwa vipimo vya mihimili vinahitaji alama ya rejea, peleka Z kwanza, ndipo X na Y, ili spindeli iwe juu kabla meza haijasogea. Mashine yenye vipimo vinavyokumbuka nafasi haihitaji hatua hiyo, lakini kama kumbukumbu yake inategemea betri, uliza ilibadilishwa lini. Kwenye Fanuc betri hizo hubadilishwa umeme wa mashine ukiwa umewashwa; ukizima kwanza, nafasi ya mihimili inapotea.

Sasa tafuta vitu vitatu usiku na mchana hadi mkono uvijue bila macho: JOG (kusogeza mhimili kwa mkono), RESET (kusitisha programu) na swichi ya kuzungusha ya asilimia ya mwendo. Swichi hii inastahili jaribio lake. Kwenye Fanuc, kuizungusha hadi sifuri husimamisha mwendo wa kukata, lakini haisimamishi G0, mwendo wa kasi, ambao una swichi yake nyingine. Kwenye Sinumerik nyingi, swichi ileile husimamisha vyote. Usichukue neno langu wala la kitabu, kwa kuwa aliyetengeneza mashine anaweza kuwa ameunganisha tofauti. Ingia MDA, hali ya kuandika mstari na kuuendesha papo hapo, ambayo kwenye Fanuc uliijua kama MDI, andika G91 G0 X100 spindeli ikiwa juu kabisa na meza ikiwa tupu, zungusha swichi hadi sifuri, bonyeza CYCLE START (kitufe cha kuanza), kisha fungua kidogo kidogo ukitazama kama mhimili unatii. Rudia kwa G1, mwendo wa kukata. Baada ya dakika 10 utajua mkono wako unapaswa kukaa wapi siku mambo yakiharibika.

Jioni endelea nyumbani. Siemens wana programu ya kompyuta iitwayo SinuTrain inayoonyesha skrini ileile, na Fanuc wana NCGuide. Saa moja kila jioni kwenye programu hiyo ina faida kuliko saa tatu za kusimama mbele ya mashine huku mwenye karakana akisubiri kazi.

Hatua ya tatu: urefu wa zana na sifuri ya kazi

Hapa nakaa kwa muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo nilipokosea, na ndipo wengi wanapovunja spindeli.

Karakana yangu ya zamani ilikuwa na desturi iliyo ya kawaida kwenye Fanuc: sanduku la Z katika G54, ofseti ya kazi, yaani namba zinazoonyesha sifuri ya kipande iko wapi, liliachwa sifuri, kila zana ilishushwa hadi iguse uso wa kazi, na namba ya Z ya mashine ilinakiliwa kama ilivyo, ikiwa hasi, kwenye jedwali la ofseti. G43 H1 ilipoitwa, hesabu ilitimia. Kwenye Sinumerik desturi ni nyingine. Urefu wa zana ni namba chanya, umbali kutoka pua ya spindeli hadi ncha ya zana, na mahali uso wa kazi ulipo huandikwa katika Z ya G54. Kidhibiti hujumlisha vitu vitatu ili kujua kipeleke wapi mhimili: Z ya G54, Z iliyo kwenye programu, na urefu wa zana.

Siku ya tatu, nikiwa peke yangu, niligusisha endimili ya milimita 10 kwenye uso wa kipande cha alumini, nikasoma -387.420 kwenye skrini, na vidole vikaiandika moja kwa moja kwenye safu ya urefu. Sikutazama G54, ambayo ilikuwa na -412.000 ya kazi ya mtu aliyenitangulia. Niliita Z50. Kidhibiti kilijumlisha -412.000, 50 na -387.420, kikapata -749.420, na kwa kuwa mhimili wa Z wa mashine ile hauvuki milimita 510, kilitoa alamu ya kikomo cha mhimili kikakataa kusogea. Nilikaa nikaandika hesabu ile upya kwenye karatasi, mara hii nikiweka -60 mahali pa -412. Jumla ilikuwa -397.420, ambayo mhimili unaifikia bila shida. Uso wa kazi ulikuwa -387.420. Zana ingeteremka kwa mwendo wa kasi hadi milimita 10 ndani ya alumini, huku skrini ikionyesha kwamba iko milimita 50 juu yake.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu, hata kama unaonekana wa kizamani. Kabla ya kupima chochote, fungua ukurasa wa ofseti za kazi usome kila safu: G54 hadi G57, ofseti ya msingi, na ofseti yoyote ya ziada iliyoachwa na mwenzako. Namba usiyoijua asili yake, iulizie. Ikikosa mwenyewe, inakili kwenye daftari ndipo uifute. Kisha pima urefu wa zana ya kwanza. Kama karakana ina kifaa cha kupimia zana nje ya mashine, kitumie. Kama haina, shusha pua ya spindeli isiyo na holda (kishikio cha zana) hadi iguse pande la chuma lenye kimo kinachojulikana lililowekwa mezani, ukitumia gurudumu la mkono na karatasi nyembamba kati yake, uandike Z. Kisha fanya hivyo hivyo ukiwa na zana. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo urefu. Upime pia kwa rula, kwa macho tu: zana inayoonekana kuwa na sentimita 12 haiwezi kuwa na 220 kwenye jedwali.

Katika mfano wangu, urefu halisi ulikuwa 120.000, hivyo Z ya G54 ilipaswa kuwa -507.420. Jumlisha namba hizo mbili, nawe utapata -387.420 ileile niliyoisoma nilipogusa uso. Fanya jumla hiyo kwa kila zana kwenye karatasi katika wiki mbili za mwanzo.

Kuna jambo moja zaidi linalotokana na hesabu hiyohiyo. Ukiwa Fanuc, G53 G0 Z0 hupeleka spindeli juu kabisa bila kujali urefu wa zana. Kwenye Sinumerik urefu unaendelea kuhesabiwa mpaka uuzime mwenyewe, hivyo G53 Z0 inaitaka ncha ya zana ifike kwenye sifuri ya mashine, jambo linalodai spindeli ipande milimita 120 kupita mwisho wa safari yake. Utapata alamu. Mstari sahihi ni G0 SUPA Z0 D0, ambapo SUPA huondoa ofseti zote kwa mstari huo na D0 huzima urefu wa zana.

Hatua ya nne: programu ya kwanza iwe fupi kuliko aibu yako

Usianze na kazi ya mteja. Andika kwa mkono mistari michache isiyozidi skrini moja:

G17 G40 G71 G90 G94
T="ENDIMILI_10"
M6
D1
G54
G0 X50 Y0
G0 Z50
M0
S3800 M3
G0 X-10
G0 Z2
G1 Z-1 F400
G1 X110
G0 Z50
G0 SUPA Z0 D0
M30

Zana huitwa kwa jina kwa sababu 828D huzitunza kwa majina. D1 inachukua nafasi ya G43, nao urefu unaanza kufanya kazi pale Z inaposogezwa baada yake. Kasi ya 3800 inatokana na hesabu ya kawaida: mita 120 kwa dakika, zidisha kwa 1000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha 10, kisha shusha kidogo. Namba hiyo ni ya tahadhari kwa endimili ya kabaidi kwenye alumini. Endimili ya chuma cha kasi kwenye chuma laini itahitaji takriban 800 tu.

M0, ya kusimamisha programu, iko pale kwa sababu maalumu. Washa SINGLE BLOCK, inayoendesha mstari mmoja tu kila unapobonyeza kuanza, weka swichi ya mwendo karibu na sifuri, na kabla ya kila CYCLE START soma kwenye skrini umbali uliobaki wa kila mhimili. Ukifika Z50, programu itasimama. Spindeli haijazunguka bado, ndiyo maana M3 imewekwa baada yake. Simamisha rula juu ya kipande cha kazi: ncha ya zana iwe kwenye milimita 50. Ikiwa kwenye 38 au 71, bonyeza RESET urudi kwenye hatua ya tatu. Rula ya bei ndogo imeokoa spindeli nyingi.

Mchoro wa majaribio wa kidhibiti utumie, ila elewa mipaka yake. Unaonyesha njia ya zana na makosa ya maandishi. Hauoni jiliwa, au vaisi kama tunavyoiita karakana, wala hauoni bolti iliyochomoza.

Programu hiyo ikikubali, ongeza matundu. Hapa utakutana na MCALL CYCLE81(50,0,2,-15), inayosema rudi hadi 50, uso uko kwenye 0, acha nafasi ya usalama ya 2, toboa hadi -15. Baada yake andika nafasi za matundu, kila moja kwenye mstari wake, kisha uandike MCALL tupu. Mstari huo mtupu ndio G80 yako, msimbo wa Fanuc wa kufuta mzunguko wa kutoboa. Ukiusahau, mashine itatoboa kila inapofika baada ya kila mwendo unaofuata, hata ule uliokusudiwa kuwa wa kuondoka tu. Kwa mizunguko yenye vigezo vingi, jaza fomu iliyo kwenye skrini badala ya kukariri. Kidhibiti kitaandika mstari chenyewe, nawe utajifunza kwa kuusoma.

Utaambiwa kwamba unaweza kuandika G291 kidhibiti kikaanza kusoma lugha ya Fanuc, na G290 kukirudisha. Ni kweli pale huduma hiyo ilipowashwa, na ina faida kwa programu za zamani zilizothibitishwa. Kwa fundi anayejifunza naishauri iachwe kwa miezi michache, kwa kuwa kuchanganya lugha mbili katika kichwa ambacho bado kinachanganya lugha mbili ni kujitafutia tabu.

Hatua ya tano: kukata, na umeme unapokatika

Kata kwanza nailoni au alumini. Sikiliza sauti, pima kwa maikromita, na usiongeze mwendo wa kasi hadi kipande cha pili kitoke sawa na cha kwanza. Usivae glavu karibu na spindeli inayozunguka, na usiufunge mlango kwa waya ili udanganye swichi yake hata kama aliyekutangulia alifanya hivyo.

Huku kwetu umeme hukatika katikati ya kazi, na hapo ndipo desturi ya zamani hurudi kwa nguvu. Umeme ukirudi, usibonyeze CYCLE START. Tazama kwanza kama zana imebaki ndani ya kazi. Kama imebaki, itoe kwa JOG upande ule ilikoingilia, na hesi iliyokatwa nusu itoe kwa kuzungusha spindeli kinyume huku ukipandisha, jambo ambalo mashine nyingi zina kitufe au menyu yake. Kama ilikuwa inabadili zana, linganisha zana iliyo kwenye spindeli na ile ambayo jedwali linasema ipo, na uhakikishe kila mfuko wa ghala la zana una holda inayotajwa.

Kisha uamue pa kuanzia. Kwenye Fanuc nilizoea kupeleka kishale kwenye mstari wa kubadili zana na kubonyeza kuanza, kwa sababu kuanzia katikati huacha nyuma kila kilichowekwa juu yake: kasi, ofseti, urefu. Sinumerik ina utafutaji wa mstari unaofanya hesabu, unaopitia programu kuanzia juu na kukusanya hali yote kabla ya kufika pale ulipochagua. Uchague huo, wala si ule usio na hesabu. Hata hivyo, anza kwenye mstari wa kubadili zana kila inapowezekana, rudisha SINGLE BLOCK, shusha swichi ya mwendo hadi karibu na sifuri, na soma umbali uliobaki wa Z kabla ya kuiruhusu ishuke.